Asilimia saba hazitoshi

Aprili 2010 Salva Kiir alipata takriban asilimia 93 ya kura za urais wa Sudan Kusini. Lam Akol wa SPLM-DC aliambulia 7, na nguvu yake ilikuwa hasa Upper Nile, kwa Washilluk wenzake. Wapo wanaosema alihujumiwa. Vitisho vilikuwepo, sikatai. Lakini muuza unga wa hapa Buluk angempigia kura kwa lipi?

Kenya, nilikosomea ukimbizini, Mwai Kibaki alishindwa mwaka 1992 na 1997. Mwaka 2002 aliungana na Wamalwa, Ngilu na Raila ndani ya NARC, akashinda kwa asilimia 62. Kabila lake lilibaki lile lile, ila waliahidi shule ya msingi bila karo, na hilo kila mzazi alilielewa. Januari 2003 watoto wakaingia madarasani.

Uchaguzi wetu wa Disemba 2024 uliahirishwa hadi Disemba 2026. Chama cha upinzani kinachotaka kura kiache kuhesabu koo. Kipande lori la kutoka Nimule, kihesabu vizuizi na pesa inayotozwa kila kimoja, kisha kituambie kitaondoa kipi kwanza. Mdinka, Mbari, Mnuer, wote hulipa kwenye kamba ile ile.