Kulegea na Kulegezwa: Kitenzi Kimoja cha Istilahi za Tiba

Wanaistilahi wetu wamezoea kutafuta neno moja la Kiswahili kwa kila neno moja la Kiingereza. Mwenendo huo huweza kufaa kwa majina ya vitu, lakini katika vitenzi hutupotosha. Chukua majaribio ya maabara juu ya msuli laini wa njia ya hewa ya binadamu. Kipande cha mrija wa pafu kilichopatikana katika upasuaji hutundikwa ndani ya maji ya chumvi yenye joto la nyuzi 37, hukazwa kwa histamini, kisha hupitishiwa mapigo mafupi ya umeme. Msuli hulegea.

Je, umelegea wenyewe au umelegezwa? Na kama umelegezwa, ni nani aliyeulegeza? Kiingereza hutumia umbo lilelile la kitenzi kwa maana zote mbili. Mwaka 1976 Richardson na Béland walionyesha kwamba sumu ya samaki bunju, ambayo huzima neva, huondoa ulegevu huo. Kumbe umeme haukuugusa msuli. Mwaka 1992 Belvisi na wenzake wakaonyesha kwamba kinachotoka katika neva ni nitriki oksidi. Basi umeme huchochea neva, neva hutoa nitriki oksidi, nitriki oksidi huulegeza msuli, nao msuli hulegea. Utafiti wa miaka 16 umeelezwa hapa kwa minyambuliko ya kawaida ambayo mtoto wa shule huijua.

Jambo hili halikomei maabara. Mgonjwa wa pumu wa Murungu, Kibondo, azungumzaye Kiha nyumbani na Kiswahili mbele ya tabibu, akiambiwa kwamba dawa “italegeza misuli”, ana haki ya kuihofia mikono yake ya kulimia, maana katika usemi wa kila siku mlegevu ni mtu asiye na nguvu. Wapo wanaopendelea “kupanua”. Kwa mgonjwa, sina ugomvi nalo. Lakini kinachopanuka ni mrija, ilhali msuli ndio unaolegea, na mwanafunzi wa tiba asiyetenganisha viwili hivyo hajalielewa jaribio.

Napendekeza kwamba kamusi itakayofuata Kamusi ya Tiba ya TUKI ya mwaka 2003 iingize vitenzi vya namna hii pamoja na minyambuliko yake, kila kimoja kikiwa na sentensi inayomtaja mtenda na mtendwa.