Afya ya Familia: Thamani ya Dawa Si Bei Yake



Juma hili tunaingia katika jambo linalozungumzwa kwa sauti ya chini majumbani mwetu, nalo ni gharama ya dawa. Maradhi yanayobisha hodi mara kwa mara milangoni petu yanajulikana: shinikizo la damu, kisukari, kuhara kwa watoto, kikohozi na homa. Yote haya yana tiba zilizojaribiwa kwa miaka mingi, na nyingi katika tiba hizo ni za bei nafuu. Hata hivyo tunao wazee wanaomeza vidonge wiki mbili kisha wakapumzika wiki mbili kwa sababu fedha zimekwisha. Tunao pia watoto wanaonunuliwa chupa tatu za dawa ilhali walihitaji pakiti moja ya unga wa chumvi na sukari na maji safi. Israfu na upungufu hukutana katika mfuko mmoja.

Dini yetu imetuhimiza kutafuta tiba, na imetukataza kufuja mali. Mambo mawili haya hayapingani, illa hatuna budi kujua tunanunua nini.

Jina la dawa na jina la kampuni

Kila dawa ina jina lake lenyewe, ambalo aghalabu ni moja ulimwenguni kote. Juu ya hilo kampuni hulibuni jina la biashara ili bidhaa yake ijulikane. Amlodipini, kwa mfano, ni dawa ya shinikizo la damu; kampuni ya Pfizer iliiuza kwa jina la Norvasc. Mvumbuzi wa dawa hupewa hataza, yaani haki ya kuitengeneza na kuiuza peke yake, ambayo kwa kawaida hudumu miaka 20 tangu ombi lilipowasilishwa. Muda huo ukimalizika, viwanda vingine huruhusiwa kuitengeneza dawa ile ile. Viwanda hivyo havikubeba gharama ya utafiti wa mwanzo, tena hushindana vyenyewe kwa vyenyewe, ndipo bei ikashuka. Kiungo kinachotibu ni kile kile na kipimo chake ni kile kile. Kinachobadilika ni rangi, umbo la kidonge, kasha na jina lililoandikwa juu yake.

Mwaka 1977 Shirika la Afya Duniani lilitoa orodha ya kwanza ya dawa muhimu, zipatazo 200. Orodha hiyo hupitiwa upya kila baada ya miaka miwili, na nchi yetu nayo ina orodha yake. Dawa huingizwa humo baada ya kupimwa manufaa yake, usalama wake, na kama gharama yake inalingana na faida inayoleta. Huandikwa kwa majina yake yenyewe, wala si kwa majina ya makampuni.

Hofu ya dawa bandia ni hofu ya haki. Lakini dawa yenye jina kubwa nayo hughushiwa, kwa hivyo bei ya juu si kinga. Kinga ni kununua katika duka lililosajiliwa na Bodi ya Dawa na Sumu, lenye mfamasia anayeweza kujibu maswali, na kutazama tarehe ya mwisho na kasha kama halijafunguliwa.

Shinikizo la damu

Hapa ndipo hasara kubwa inapotupata. Shinikizo la damu halina maumivu, hivyo mgonjwa akikosa dawa juma zima huenda asihisi lolote. Lakini mishipa inaendelea kuumia kimyakimya, mpaka siku ya kiharusi, au siku ya kuambiwa kwamba figo zimeshindwa. Siku hiyo ndipo jamaa wote huitwa kuchanga, na wengine huuza hata kiwanja. Kiwanja hicho kingeweza kuokolewa na kidonge kimoja kila siku.

Je, ni kidonge gani? Baadhi yetu huamini kwamba dawa mpya na ghali ndiyo yenye nguvu. Kuna utafiti mkubwa uitwao ALLHAT, uliofanywa hasa Marekani na Kanada, uliolitazama swali hilo. Wagonjwa zaidi ya 33,000, wote wenye umri wa miaka 55 na zaidi, waligawanywa katika makundi. Wengine walipewa klothalidoni, dawa kongwe na rahisi ya kuongeza mkojo. Wengine wakapewa amlodipini, na wengine lisinoprili, ambazo wakati ule zilikuwa mpya zaidi na za gharama kubwa zaidi. Wakafuatiliwa kwa takriban miaka mitano. Matokeo yalipotangazwa Desemba 2002, ilibainika kwamba dawa mpya hazikuishinda ile kongwe katika kuzuia mashambulizi ya moyo. Tena ile kongwe ilizuia moyo kushindwa kazi vizuri zaidi kuliko amlodipini. Na kwa wagonjwa weusi, waliokuwa zaidi ya thuluthi moja ya washiriki, waliotumia lisinoprili walipatwa na kiharusi zaidi kuliko waliotumia klothalidoni.

Maana yake si kwamba kila msomaji akatupe dawa zake leo. Mwenye jongo, mwenye maradhi ya figo au mwenye kisukari huenda akahitaji dawa nyingine, na wengi huhitaji dawa mbili kwa pamoja. Mama mjamzito ana hukumu yake: dawa za jamii ya enalaprili, lisinoprili na losatani zinaweza kumdhuru mtoto aliye tumboni, basi anayezitumia naye amepata mimba, au anakusudia kuzaa, amweleze daktari mapema abadilishiwe. Tunachosema ni kwamba zipo dawa rahisi zilizothibitishwa, na mgonjwa ana haki ya kuuliza kama mojawapo inamfaa.

Tunalo pia jambo la ndugu zetu walioko Ghuba na Ulaya. Kwa mapenzi yao humtumia mama dawa kutoka Dubai, Muscat au London. Ni wema mkubwa. Lakini mzigo ukichelewa, mama hukaa bila dawa akisubiri kasha lile lile, ilhali dawa yenye jina lile lile la asili huenda ipo katika duka la mtaa wa pili. Pelekeni kasha kwa mfamasia, msome jina lililoandikwa kwa herufi ndogo chini ya jina kubwa. Pengine fedha za kumtuma msafiri zingetosha vidonge vya miezi kadhaa.

Ipo tena tiba isiyonunuliwa. Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima asipitishe gramu 5 za chumvi kwa siku, ambazo hazijai kijiko cha chai. Sisi tulio na papa, ng'onda na achari mezani twaweza kuvuka kiwango hicho kabla ya chakula cha mchana kwisha. Kuloweka papa na kumwaga maji yake, na kupunguza achari, hakuhitaji cheti cha daktari.

Kisukari na saumu

Kwa wengi wenye kisukari cha ukubwani, dawa ya kuanzia ni metformini. Asili yake ni utafiti juu ya mmea wa Ulaya uitwao Galega officinalis, na ilianza kutumiwa kwa wagonjwa wa kisukari nchini Ufaransa mwaka 1957. Utafiti wa Uingereza uliotangazwa mwaka 1998 ulionyesha kwamba kwa wagonjwa wenye unene iliwapunguzia vifo vitokanavyo na kisukari. Ni dawa kongwe, ni nafuu, nayo peke yake ni nadra kuishusha sukari kupita kiasi. Ikilisumbua tumbo, huanzwa kwa kipimo kidogo na kumezwa pamoja na chakula. Mwenye figo dhaifu apimwe kwanza.

Hapa pia tunajifunza kwamba rahisi peke yake haitoshi. Glibenklamidi nayo ni dawa ya bei ndogo, lakini inaweza kuishusha sukari mno, hasa kwa mzee au kwa mtu aliyekaa muda mrefu bila kula. Kwa mwenye kufunga, kidonge cha shilingi chache kinaweza kumfikisha hospitalini akiwa hana fahamu. Basi mwenye kisukari aende kwa daktari mwezi mmoja au miwili kabla ya Ramadhani, aulize kama anaweza kufunga, na dawa zake zipangweje baina ya daku na futari. Asijipangie mwenyewe.

Watoto wetu

Mtoto anayehara huuawa na upungufu wa maji. Tiba yake ya kwanza ni unga wa chumvi na sukari unaochanganywa na maji safi, ujulikanao kwa jina la ORS. Soma pakiti kwanza, kwani zipo za nusu lita na zipo za lita moja. Ukikosea maji, dawa hugeuka kuwa kali au hafifu. Mwaka 2004 Shirika la Afya Duniani na UNICEF walishauri aongezewe zinki: miligramu 20 kila siku kwa mtoto wa miezi 6 na zaidi, na miligramu 10 kwa aliye chini ya hapo, kwa siku 10 hadi 14, hata kama kuhara kumekoma. Kunyonyesha kusikatizwe. Dawa za kuua bakteria hazihitajiki katika kuhara kwingi. Lakini mtoto mwenye damu katika choo, aliyelegea, anayetapika kila anachopewa au asiyeweza kunywa, apelekwe hospitali bila kungoja.

Kikohozi na mafua mara nyingi huletwa na virusi, na dawa za bakteria haziviui. Kijiko cha asali humpunguzia mtoto kikohozi, mradi awe ametimiza mwaka mmoja. Aliye chini ya hapo asipewe asali kamwe. La kuangalia ni pumzi. Mtoto wa miezi 2 hadi 11 akipumua mara 50 au zaidi kwa dakika, au wa mwaka 1 hadi 5 akipumua mara 40 au zaidi, au kifua kikibonyea ndani anapovuta pumzi, huenda ni nimonia. Hapo dawa ya bakteria ni ya lazima, na ile inayotumiwa kwanza, amoksilini, ni miongoni mwa dawa nafuu. Chukueni saa, mhesabu dakika nzima mtoto akiwa ametulia.

Na homa ipimwe malaria kabla ya kumezwa dawa ya malaria. Kipimo ni tone la damu. Wala tusimlazimishe mhudumu atoe sindano. Mgonjwa anayeweza kumeza na asiyetapika, kwa maradhi mengi vidonge humtosha.

Maswali ya kuuliza

Tunawanasihi akina mama wayaweke moyoni maswali manne. Dawa hii jina lake lenyewe ni lipi? Ipo ya bei nafuu yenye kiungo kile kile? Nitaitumia kwa muda gani, na kwa mwezi itanigharimu kiasi gani? Nikishindwa kuinunua, nifanye nini? Swali la mwisho huonewa haya, nalo ndilo muhimu kuliko yote. Daktari asiyejua kwamba fedha hazitoshi ataandika dawa nzuri ambayo haitamezwa.

Tujiandikishe pia na Mamlaka ya Afya ya Jamii, iliyoanza kazi Oktoba 2024 mahali pa NHIF, na tuanze matibabu katika zahanati na vituo vya afya vilivyo karibu nasi kabla ya kukimbilia hospitali kubwa.

Mwisho, tunawausia watoto wa wazee hawa. Desturi yetu ya kuchanga ni njema, ila mchango wetu husubiri janga. Lau ndugu watano wangegawana kila mwezi gharama ya dawa ya presha ya mama yao, na mmoja akapewa amana ya kuhakikisha kwamba kidonge kimemezwa, pengine ule mchango mkubwa usingehitajika. Kikao cha jamaa Ijumaa hii, baada ya chakula, chatosha kulipanga jambo hilo.

Mwenyezi Mungu awaponye wagonjwa wetu wote na awape subira wanaowauguza. Amin.