MPIRA UANZE, LAKINI TUPIGE KURA



Tangu mpira ulikatazwa hapa shuleni, kila asubuhi mbele ya madarasa tunaulizwa neno moja: "Makapita, mpira utaanza lini?" Leo tunajibu, na jibu letu halitawafurahisha wote. Sisi tunasema mpira uanze, lakini siyo ule wa mwaka jana.

Tukumbushane bila kufichana. Mwaka jana tuligawanya ekipe kufuatana na kwao: wana wa Masisi upande huu, wana wa Walikale upande ule. Mechi tatu zilipita vizuri. Ya ine, goli moja likaleta ubishi, mawe yakaruka, na mtoto wa kalasi ya kwanza, ambaye hata hakuwa anacheza, akavunjika jino. Prefe akafunga mchezo, na alikuwa na haki. Sisi wakubwa tulikuwa wapi? Tulikuwa pembeni ya uwanja, na wamoja wetu walikuwa wanapiga kelele kuliko wadogo. Hilo tunaliungama hapa mbele ya wote.

Sasa uwanja wenyewe hatuko nao tena. Jamaa zilizokimbia vita zimejenga vibanda pale chini, na hakuna mtu mwenye moyo atawaambia watoke ili sisi tucheze. Na mvua ya Masisi mnaijua. Kumebaki sale kubwa ya shule. Wengine wanacheka: "Mpira ndani ya nyumba? Huo ni muchezo ya watoto!" Wanaosema hivyo hawajui habari.

Huko Marekani kulianzishwa ligi ya watu wanaolipwa mshahara kwa kucheza mpira ndani ya nyumba. Jina lake lilikuwa Major Indoor Soccer League. Msimu wa kwanza ulianza mwezi wa 12 mwaka 1978 na ekipe sita tu, na kila ekipe ilicheza mechi 24. New York Arrows wakachukua kombe kwa kuwashinda Philadelphia Fever, tena wakalichukua mara ine mfululizo mpaka 1982.

Kanuni zao ndizo zilitupendeza. Wachezaji ni sita kila upande pamoja na golikipa. Mechi ina vipande vine vya dakika 15. Kuna kuta fupi kuzunguka uwanja. Mpira ukigonga ukuta unarudi na mchezo unaendelea. Wachezaji wanabadilishana bila hesabu, mmoja anatoka, mwingine anaingia, hakuna mtu wa kukaa kwenye benchi tangu mwanzo mpaka mwisho. Na mwenye kufanya kosa baya anatolewa dakika mbili, ekipe yake inabaki na pungufu. Angalieni vizuri kanuni hii: hasira ya mtu mmoja inalipwa na wenzake wote palepale. Kama tungekuwa nayo mwaka jana, pengine jino lile lingekuwa lingali kinywani.

Kuna neno lingine. Mfungaji mkubwa wa Arrows, Steve Zungul, hakuwa mtu wa New York. Alitoka Yugoslavia, katika ekipe ya Hajduk Split, akaacha nchi yake bila ruhusa mwaka ule wa 1978. Kwa sababu hiyo mpira wa uwanja mkubwa ulifungwa kwake kwa miaka, lakini ule wa ndani ulimpokea. Watu wa New York hawakumuuliza kwanza, "Wewe ni mtoto wa nani, na kwenu ni wapi?" Walimuuliza kama anajua kufunga goli. Na sisi hapa, tuko na wenzetu waliofika na nguo moja tu mwilini, wengine kutoka njia ya Sake, wengine kutoka Pinga. Tutawauliza nini wakiingia ndani ya sale?

Kwa hiyo tunaomba hivi. Ekipe ziwe sita, zenye majina ya rangi, siyo majina ya vilima vyetu. Kila ekipe iwe na wanafunzi 14, wavulana 7 na wasichana 7, jumla 84. Majina yaandikwe kwenye karatasi ndogo, yatiwe ndani ya kikapu, na kura ipigwe mbele ya wote. Hata mitume walipiga kura kumpata Matiya, na hakuna aliyelia kwamba ameibiwa. Uwanjani wawe watano watano kwa sababu sale yetu ni ndogo. Mechi iwe na vipande vine vya dakika tano: cha kwanza na cha tatu wavulana, cha pili na cha ine wasichana, na magoli yahesabiwe pamoja.

Hapo tunasikia wavulana wananung'unika. Basi wajue kwamba mwezi wa ine mwaka 2025, huko Rabat, kulikuwa Kombe la Afrika la kwanza la wanawake katika futsal, ndiyo mpira wa ndani wa watu watano. Wasichana wa Tanzania, jirani zetu hapa, walifika mpaka fainali. Maroko, wenye nyumba, waliwashinda 3 kwa 2 tu, na wote wawili wakapata njia ya kwenda kwenye Kombe la Dunia.

Wazazi na walimu wako na haki ya kuuliza. Vioo je? Mpira tutautoa pumzi kidogo usiruke sana, hata ule wa futsal umetengenezwa usiruke. Na ubavuni tutapanga mabenchi yawe kuta zetu. Maombi je? Tutamaliza mbele ya saa kumi na moja, na ekipe iliyoshindwa itafagia. Masomo je? Kila ekipe ikikutana na nyingine mara mbili, ni mechi 30. Tukicheza tatu siku ya tatu na tatu siku ya posho, ni juma tano tu. Sisi wenyewe tunangoja Exetat, hatutaki kuanguka.

Ligi ile ya Marekani ilikufa mwaka 1992, kwa maana feza zilipungua. Ya kwetu haiombi feza. Kinachoua misimu kwetu ni kingine. Vita ilipofika Goma mwezi wa kwanza 2025, uwanja wa ndege ulifungwa, na kutoka Goma hakuna gari litakufikisha Kinshasa kucheza mechi. Misimu ya wakubwa hatuna uwezo wa kuilinda. Lakini huu mdogo, wa juma tano, tukiukata tena, hatutasema ni vita iliukata. Itakuwa ni sisi.

Tunamwomba Prefe atufungulie mlango wa sale. Na ninyi wenzetu, kura ikikutia pamoja na mtu ambaye mwaka jana ulimtupia jiwe, usije usiku kwenye chumba cha makapita kuomba kubadilishwa. Sisi wenyewe tutakuwa wa kwanza kutia mkono ndani ya kikapu, na karatasi tutakayoitoa, hiyo hiyo tutaicheza.

Makapita wa kalasi ya mwisho