Msiusingizie Mji Uchoyo

Ni nadra matanga ya Port Reitz, Mombasa, kwisha bila mzee mmoja kulalama kwamba mji umetuharibu. Zamani kule kijijini, husema, mtu aligawa hata tonge la mwisho. Hapa pesa imeingia na utu umetoka. Wasikilizaji huitikia, ilhali viti walivyokalia vimekodiwa kwa mchango wa ploti nzima: Wakamba, Wajaluo, Wagiriama, Wataita, watu wasio na nasaba yoyote na marehemu.

Kwa heshima zote kwa wazee wetu, maneno hayo si kweli. Tena yanadhuru.

Ukarimu umepimwa, na umepimwa hapa kwetu Pwani. Mwaka 2001 mtafiti Joseph Henrich na wenzake walitoa matokeo ya mchezo waliouchezesha katika jamii ndogo 15 duniani. Watu wawili hushirikishwa bila kujuana. Mmoja hupewa fedha, pengine sawa na ujira wa siku moja au mbili, aamue atammegea mwenzake kiasi gani. Mwenzake akikataa, wote wawili hukosa. Wamachiguenga wa misitu ya Peru, wasiojua sana mambo ya soko, walitoa wastani wa asilimia 26. Wahadzabe wa Tanzania walitoa 33. Waorma wa Tana River, wafugaji wanaouza ng'ombe na kufanya vibarua, walitoa 44, na wengi wao waligawa nusu kwa nusu. Jean Ensminger, aliyewatafiti Waorma tangu mwishoni mwa miaka ya 1970, aligundua kwamba miongoni mwao, wenye mshahara au biashara ndio waliotoa zaidi. Walipochezeshwa mchezo mwingine, wa kuchangia chungu kimoja, Waorma wenyewe waliuita wa harambee.

Yaani wale ambao pesa imewaingia ndio waliotoa zaidi. Msingi mzima wa malalamiko yetu umebomoka hapo.

Hiyo haina maana kwamba Wahadzabe ni wachoyo, kwani nyama ya mawindo huigawa kambini kila siku. Lakini huko ni kugawiana kwa wanaojuana. Kumgawia usiyemjua, ambaye huenda usimwone tena, ni jambo jingine, na anayelizoea zaidi ni mtu aliyekwisha kununua, kuuza na kufanya kazi na wageni. Takwimu peke yake hazithibitishi kwamba soko ndilo linalomfunza mtu kutoa. Zinachothibitisha ni kwamba soko halijamzuia. Na Port Reitz ni mtaa wa wageni. Wengi tulifuata kazi za bandari ya Kilindini, za magodauni na za matrela, tukapanga ukuta kwa ukuta na watu tusiojua hata lugha zao. Tukichangiana hapa, tunafanya jambo gumu kuliko alilofanya babu kwa ndugu zake.

Naam, wapo wanaofunga mlango jirani akibisha. Kabla ya kuwahukumu, tuwatazame Waiki wa Karamoja, Uganda. Mwanaanthropolojia Colin Turnbull alikaa kwao katika miaka ya 1960, wakati wa njaa kali, na mwaka 1972 akatoa kitabu kilichowaeleza kama watu wasio na huruma hata kwa watoto na wazee wao, akashauri hata jamii yao ivunjwe, watawanywe. Dunia ikamwamini. Mwaka 2020 Cathryn Townsend na wenzake walichapisha vipimo vyao: Waiki ni wakarimu sawa na watu wengine, na kugawana ni jambo wanalolihimiza. Kumbe Turnbull aliiona njaa, akaiita tabia.

Nasi tunafanya hivyohivyo. Kibarua wa mtaa jirani wa Chaani ambaye ujira wake umecheleweshwa wiki ya pili akikosa kuchanga, tunasema mji umemharibu. Hatuulizi nani anamzuilia pesa zake. Hapo ndipo madhara yalipo: lawama hubandikwa mtaa, na aliyeshikilia jasho la mtu anakaa nasi kwenye viti vilevile, naye akiililia zamani.

Mzee wangu, ukisimama tena kusema kwenye matanga, viache kijiji na mji. Waambie waajiri waliohudhuria wawalipe vibarua wao jioni ya siku waliyofanya kazi.