SHERIA NA MWANANCHI: Rufani Hutupwaje Bila Kusikizwa?

Watu wengi hunung'unika wakisema, "Nilikata rufani kwa gharama kubwa, nao majaji wakaitupa bila kuniuliza shamba ni la nani." Hudhani wameonewa. Yafaa tuijue sababu yake.

Korti haijipi mamlaka. Hupewa na Katiba au na sheria iliyotungwa, wala haiwezi kujiongezea hata kidogo. Hata wenye shauri wakipatana, hawawezi kuipa mamlaka isiyo yake. Mwaka 1989, katika shauri la meli iitwayo Lillian S, Mahakama ya Rufani ya Kenya ilieleza kwamba swali la mamlaka huamuliwa kwanza. Jaji akiona hana, hana budi kuweka kalamu chini papo hapo.

Msidhani hayo ni mambo ya karatasi tu. Huko Malindi rufani za wafungwa 3 zilisikizwa na majaji wawili wawili, mmoja wa Mahakama Kuu na mwenziwe wa Mahakama ya Mazingira na Ardhi. Mwaka 2017 Mahakama ya Juu ilithibitisha kwamba jaji aliyewekwa kwa mambo ya ardhi hana ruhusa ya kusikiza rufani ya jinai. Kazi yote ikawa bure, na rufani zikabidi kusikizwa upya.

Basi mkulima asiyeridhika na hukumu ya hakimu juu ya shamba lake, rufani yake huenda Mahakama ya Mazingira na Ardhi, si Mahakama Kuu. Tena ana siku 30 tu. Akichelewa, huomba kuongezewa muda, na lazima aonyeshe sababu ya kutosha. Akigonga mlango usio wake, siku zake zaendelea kuhesabiwa angali amesimama nje.

Rufani ikitupwa kwa kukosa mamlaka, majaji hawakusema kwamba huna haki. Wamesema tu kwamba mlango si huu, na kila mlango kwa ufunguo wake.

Kwa hiyo, ndugu msomaji, siku ile ile hukumu isomwapo, muulize wakili au karani wa korti mambo mawili: rufani yangu yapelekwa korti gani, na mwisho wake ni siku gani? Yaandike majibu hayo. Ngoja ngoja huumiza matumbo.