Desemba, saa za wazungu na jioni za Mosocho

Leo nataka kulalamika kidogo kuhusu saa. Sisemi saa ya mkononi. Nasema ile iliyo ndani ya tarakilishi, inayoamua mkutano uanze lini na hesabu za siku zifungwe lini. Kila mwaka Oktoba ikiisha inavuruga jioni zangu, na kila mwaka naona waandishi wenzangu wa programu hapa Kenya wakiinamisha kichwa na kupangua ratiba zao kana kwamba ni mvua, kitu cha Mungu tu. Jamani, hiki si kitu cha Mungu. Kuna mtu alikichagua kwenye menyu.

Nieleze kwa wasiojua. Mimi niko hapa Mosocho, nje kidogo ya mji wa Kisii, na nafanya kazi na timu mbili, moja London na nyingine New York. Mkutano wa London ni saa tisa alasiri kwao, ambayo kwa miezi saba ya mwaka ni saa kumi na moja jioni kwangu. Wa New York ni saa tano asubuhi kwao, yaani saa kumi na mbili jioni hapa. Ratiba nzuri. Namaliza mmoja, nakunywa chai, naingia mwingine, na giza likiingia nimefunga kazi.

Kisha inafika Jumapili ya mwisho ya Oktoba, Uingereza na sehemu kubwa ya Ulaya wanarudisha saa zao nyuma. Marekani wao wanangoja Jumapili ya kwanza ya Novemba, maana tangu 2007 wana sheria yao. Kwa hiyo kuna wiki moja ya ajabu kabisa ambapo London imesogea na New York haijasogea, na mikutano yangu miwili inaangukia saa kumi na mbili jioni kwa pamoja. Wiki hiyo mimi ni mtu mmoja mwenye masikio mawili, moja kwa kila bara. Wiki ikipita, New York nayo inasogea, na sasa nina mkutano saa kumi na mbili na mwingine saa moja usiku, hadi Machi.

Hapa kwetu hakuna kilichosogea. Mosocho iko kusini ya ikweta kwa chini ya nyuzi moja. Mchana wetu ni saa kumi na mbili na ushei mwaka mzima, na jua linachomoza kati ya saa kumi na mbili na dakika ishirini hivi na saa kumi na mbili na dakika hamsini, basi. Kufuatana na faharasa ya saa za dunia inayotumiwa na karibu kila simu na kila seva, ile iitwayo tz, Nairobi imekaa saa tatu mbele ya saa ya ulimwengu tangu 1942. Kabla ya hapo serikali ya kikoloni ilichezacheza: mara saa mbili na nusu, mara tatu, mara mbili na dakika arobaini na tano. Tangu hapo imetulia. Ukitaka nchi ambayo mwandishi wa programu anaweza kuipenda, ni hii.

Majira yao ya baridi nayaelewa, msinifikirie vibaya. Mwishoni mwa Desemba jua la London linazama kabla ya saa kumi jioni. Mtu anatoka ofisini gizani, amevaa koti juu ya koti. Kwetu baridi ni Julai, na Desemba ni mwezi wa jua la asubuhi na mvua ya alasiri, stima ikikatika ngurumo ya kwanza tu. (Nani anakumbuka zile tovuti za zamani zilizokuwa zikimwaga theluji ya JavaScript kwenye ukurasa kila Desemba? Nimewahi kuiona kwenye ukurasa wa Kenya uliokuwa ukiuza mabati. Theluji juu ya mabati!) Lakini baridi yao inafikaje hadi kwenye meza yangu? Inafika kwa njia moja tu, ile saa iliyosogezwa.

Na jioni si kitu kidogo hapa. Saa moja usiku ndipo ng'ombe ameshakamwa, watoto wanaulizia kazi ya shule, obokima iko mezani. Shangazi yangu alinikuta mwezi jana nikiwa nimevaa vifaa vya kusikilizia, nikitikisa kichwa mbele ya kioo. Akaniuliza, "Mwanangu, hao watu wako hawana kwao?" Wanako, shangazi. Ndiyo maana wana haraka.

Haraka yenyewe ina jina: kugandisha msimbo. Kampuni nyingi za programu, ikifika katikati ya Desemba, zinapiga marufuku kutoa toleo jipya hadi Januari, isipokuwa marekebisho ya dharura. Sababu ni ya maana. Mafundi wako likizo, wanunuzi ni wengi kuliko mwezi wowote, na hitilafu moja ikitokea hakuna wa kuizima. Mimi naunga mkono kabisa. Ukitaka kujua kwa nini, simama nje ya duka la wakala wa pesa hapa Mosocho tarehe 23 Desemba. Kuna anayetumiwa nauli kutoka Nairobi, kuna anayelipia mchele na mafuta, kuna aliyetumiwa hela za kununua mbuzi na mwenye mbuzi anamngoja hapo hapo na kamba mkononi. Siku hiyo simtaki kijana yeyote, popote duniani, awe anajaribu kitufe kipya.

Kinachonikera ni hesabu ya kugandisha huko. Kazi ya wiki sita haipungui kwa sababu mlango utafungwa mapema. Inabanwa. Kila kitu ambacho kingetoka Januari kinataka kutoka kabla ya tarehe 15, kwa hiyo Novemba ndio mwezi mrefu kuliko yote, tena ndio mwezi ule ule ambao saa imenilia jioni. Halafu mlango ukishafungwa, lazima mtu abaki na simu ya zamu. Nani? Nimeshasikia jibu kwenye timu zaidi ya moja: yule ambaye kwao hakuna baridi. Wanasema kwa upole kabisa, kwamba kwenu Krismasi nadhani si kubwa hivyo.

Si kubwa? Desemba ndio mwezi ambao Kisii inajaa. Ndugu wote wanatoka Nairobi, Nakuru na Mombasa, nauli za matatu zinapanda hadi mtu anafikiria kutembea. Wavulana wametoka jando na wako ndani wakiuguzwa, kuna harusi, kuna mazishi yaliyosubiri watu wafike, kuna vikao vya ukoo ambavyo haviwezi kufanyika mwezi mwingine. Na ukiwa wewe ndiye "mtu wa kompyuta" wa boma, una foleni ya simu kumi na mbili zilizojaa picha za WhatsApp na kila mwenye simu anaanza na, "Hii ni ya dakika moja tu."

Sisemi zamu isiwepo. Waulize waliokuwa kazini Desemba 2021. Tarehe 9 na 10 mwezi huo dunia iligundua tundu kwenye Log4j, kijiprogramu cha Java kinachoandika kumbukumbu za matukio, kilichokuwa ndani ya programu zisizohesabika. Mtu aliweza kutuma mstari mmoja wa maandishi, seva ikauandika kwenye kumbukumbu zake, na papo hapo ikaenda kuchota na kuendesha msimbo wa mgeni. Kwenye kipimo cha ubaya cha kumi ilipata kumi. Toleo la kurekebisha likatoka, likaonekana halitoshi, likatoka lingine, na lingine, na lingine tena baada ya Krismasi. Waliokuwa wakirekebisha wengi walikuwa watu wa kujitolea, kazi ya jioni baada ya kazi ya mchana. Mambo ya namna hiyo yatatokea, na mtu lazima aamke. Swali langu ni moja tu: zamu inagawanywa vipi? Ikigawanywa kwa kuangalia nani ana theluji, sisi wa ikweta tutakesha kila mwaka hadi tuzeeke.

Na tunakosa nini? Sisemi usingizi peke yake. Desemba 1989 Guido van Rossum alikuwa Amsterdam, ofisi ikifungwa kwa Krismasi, akatafuta kazi ya kujifurahisha nayo nyumbani wiki hiyo. Akaanza kuandika lugha mpya. Ndiyo Python hiyo, mnayofundishwa vyuoni leo. Wiki moja isiyo na mkutano! Kuna vijana hapa Gusii wenye vichwa vizuri sana, na nafikiri kuhusu vitu wanavyoweza kuanzisha wakipata wiki kama ile. Badala yake wiki yenyewe wanalinda seva ya mtu aliyekwenda kuteleza kwenye barafu.

Basi turudi kwenye menyu niliyoitaja. Mkutano unaojirudia unapoandikwa kwenye kalenda, hauhifadhiwi kama "saa kumi na moja jioni" tupu. Unahifadhiwa pamoja na jina la mahali, kitu kama TZID=Europe/London. Kuanzia hapo mkutano unafuata jua la mahali hapo. London ikisogea, nao unasogea, na wengine wote duniani wanaburutwa. Mahali hapo huchaguliwa na nani? Na aliyeandika mwaliko. Mara nyingi hajachagua hata, tarakilishi yake imemchagulia. Huo ndio uonevu wote nilionao, kisanduku kimoja ambacho hakuna aliyekifungua.

Kwa hiyo andika mwaliko wewe. Weka Africa/Nairobi. Ukifanya hivyo mkutano wako wa saa kumi na moja jioni unabaki saa kumi na moja jioni, mvua inyeshe jua liwake. Wanaosogea ni wao: kwa London ni saa tisa alasiri wakati wa kiangazi, saa nane wakati wa baridi. Angalia vizuri, hata wao wanafaidika, maana Desemba wanamaliza kabla jua halijazama. New York wanatoka saa tano asubuhi na kuwa saa nne. Nimepiga hesabu hiyo mara nyingi na sijampata mtu hata mmoja anayeumia. Utaambiwa mwenye kulipa ndiye mwenye saa. Analipa kazi, na kazi inafanyika vizuri zaidi na mtu aliyekula na watoto wake.

Lakini tusiwanyooshee wengine kidole peke yao, maana kosa hilo hilo liko kwenye programu zetu za hapa nyumbani. Seva nyingi zimewekwa kwenye saa ya ulimwengu, na hilo ni sawa kwa kuhifadhi jambo lililokwisha tokea. Ubaya ni pale ripoti ya "leo" inapokatwa kwa usiku wa manane wa seva, ambao kwetu ni saa tisa usiku. Chukua kikundi cha akina mama kinachofunga hesabu za mwaka tarehe 31 Desemba. Watu wako kanisani kwenye kesha, mwaka mpya unaingia, wanatoa mchango wa kwanza wa Januari kwa simu, saa saba usiku, kwa furaha. Programu inauandika kwenye mwaka uliokwisha. Mweka hazina anapofungua daftari lake la karatasi, haliwiani na simu, na huyo mama anaanza kuangaliwa kwa jicho. Seva inajua dakika hasa mchango ulipoingia. Ni ripoti tu haikuulizwa Mosocho ni saa ngapi.

Anayejenga kitu cha namna hiyo afanye hivi. Tukio lililopita lihifadhiwe kwa saa ya ulimwengu na lioneshwe kwa Africa/Nairobi. Miadi ya siku zijazo ihifadhiwe kwa saa ya mahali pamoja na jina la mahali, kwa sababu serikali hubadilisha mawazo. Misri ilirudisha saa za kiangazi 2023 baada ya kuziacha miaka kadhaa, na Bunge la Ulaya lilipiga kura 2019 kuziondoa lakini mpaka sasa bado wanasogeza.

Mimi mwaliko wangu wa Novemba hadi Machi nimeshautuma, na kwenye orodha ya zamu nimeandika jina langu kwa wiki ya Pasaka na si ya Krismasi. London wamekubali wote. New York mmoja ameniandikia kuuliza kwa nini kalenda yake inasema Nairobi wakati kampuni haina ofisi Nairobi. Namjibu kesho asubuhi, stima ikirudi.