Mshiriki wa Utafiti Asiachwe Njiani

Shirika la Afya Duniani liliitangaza UVIKO-19 kuwa janga la dunia tarehe 11 Machi 2020. Katika siku chache, vyuo vikuu vingi vya Ulaya na Marekani vilifunga maabara zao, na panya waliozalishwa kwa miaka mingi kwa ajili ya tafiti wakauawa kwa wingi, kwani wa kuwatunza hawakutosha. Hasara hiyo hufidika, japo kwa gharama kubwa. Ya mgonjwa ni nzito zaidi: ametia saini fomu ya ridhaa, ameanza dawa ya majaribio, kisha anaambiwa asije kliniki hadi atakapoarifiwa.

Kupunguza misongamano hakukuwa kosa. Kosa ni kudhani kwamba mlango wa chuo ukifungwa, wajibu kwa mshiriki nao hufungwa. Zipo dawa, zile za kifafa kwa mfano, ambazo kuzikatisha ghafla ni hatari.

Utafiti waweza kuendelea hata katika dhoruba. Chuo Kikuu cha Oxford kiliandikisha mgonjwa wa kwanza wa utafiti wa RECOVERY Machi 2020. Tarehe 16 Juni ikatangazwa kwamba deksamethasoni, dawa kongwe na ya bei nafuu, ilipunguza vifo kwa takriban theluthi moja miongoni mwa waliokuwa kwenye mashine za kupumulia. Fomu zake zilikuwa fupi, kazi ikafanywa na wahudumu wa wodini, na taarifa nyingi zikatoka katika kumbukumbu za kawaida za hospitali.

Bahati hiyo haikuyafikia maradhi yote. Watu waliogunduliwa upya kuwa na kifua kikuu walipungua duniani kutoka milioni 7.1 mwaka 2019 hadi milioni 5.8 mwaka 2020, wala si kwa sababu ugonjwa ulikuwa umepungua, vifo viliongezeka.

Kwa hiyo kamati za maadili zisipitishe andiko lolote lisiloeleza nani atampigia mshiriki simu kliniki ikifungwa, dawa itamfikiaje, itaachishwaje kwa usalama, na nani atalinda majokofu ya sampuli umeme ukikatika. Ukurasa mmoja watosha. Muuguzi anayesoma fomu ya ridhaa pamoja na mgonjwa ausome na ukurasa huo, na mgonjwa asiyeuona ana haki ya kuuulizia kabla ya kutia saini.